Jemadari Asiyeshindwa?

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alinikuta nje ya Maktaba ya Taifa, Upper Hill, akanikabidhi insha aliyoiandika kuhusu Paul von Lettow-Vorbeck. Aliipa kichwa "Jemadari Asiyeshindwa". Nilimuuliza: asiyeshindwa kwa gharama ya nani?

Sitamnyima Mjerumani huyo haki yake. Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914, na Novemba mwaka huo jeshi lake dogo likalitimua Tanga jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi, lililokuwa kubwa mara kadhaa kuliko lake. Vikosi vyake vilikwisha kuiteka Taveta, navyo vikawa vikitega baruti katika reli ya Uganda, reli hiyo hiyo iliyouzaa mji huu unaotazamwa kutoka Upper Hill. Mwaka 1916 Kaisari alimtunukia nishani ya Pour le Mérite. 1917 akamwongezea majani ya mwaloni. Aliziweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kukoma Ulaya.

Hizo ndizo habari zilizojaa katika insha. Kwamba bwana huyo alihudumu chini ya von Trotha, Waherero walipoangamizwa kule Namibia, hazikuwamo. Wala hazikuwamo za jaribio la mapinduzi la Kapp la mwaka 1920, ambalo aliliunga mkono akapoteza kazi yake jeshini.

Mimi ni mtu wa lugha, si mwanahistoria, kwa hiyo nilimrudisha kwenye maneno. Neno "askari" Wajerumani walilichukua wakaenda nalo kwao. "Safari" nalo Lettow-Vorbeck alilitia katika jina la kitabu alichowaandikia vijana wa Ujerumani mwaka 1920, kana kwamba miaka ile minne ilikuwa matembezi. Neno "mpagazi" halikupata bahati hiyo. Na bila mpagazi hakuna jeshi lililosogea hatua moja, kwani mbung'o waliwaua farasi na nyumbu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo. Jeshi la Lettow-Vorbeck nalo lilijilisha kwa chakula cha vijijini. Huko Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume, njaa iliyoanza 1917 ina jina lake: Mtunya. Wenye njaa waliipa jina. Waliotoa nishani hawakuijua.

Juma lililofuata kijana alirudi na insha ile ile, kichwa kikiwa kimefutwa na kingine hakijaandikwa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimezaliwa Kariakor. Nilimwuliza nyanya jina hilo lilitoka wapi."

"Akakujibuje?"

"Kwamba ni soko la vikapu."

Nikamweleza kwamba Kariakor, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililopindwa na ndimi za wenyeji. Akaichukua kalamu yangu.