Kabla Hujachimba Kisima: Habari za Wilaya Moja ya Bara Hindi

Ndugu mkulima, ule upepo wa kusi uvumao pwani yetu hauishii baharini. Huvuka Ikweta, hugeuka kuelekea kaskazini-mashariki, ukachukua unyevu mwingi njiani, hata ukafika Bara Hindi mwezi wa Juni. Huko wakulima huungojea kama wewe ungojeavyo masika. Hebu tazama kazi ya upepo huo katika wilaya ya Ahmednagar, Jimbo la Maharashtra, ambayo tangu 2024 huitwa Ahilyanagar. Wilaya hiyo iko bara, nao wakulima wake wanalima udongo ambao wengi wetu twaufahamu sana.

Upande wa magharibi pana safu ya milima, na kilele cha Kalsubai kina urefu wa futi 5,400. Upepo ukigonga milima hupanda juu, hupoa, nayo mvua humwagika. Vijiji vya hapo hupata zaidi ya inchi 100 kwa mwaka. Nenda mashariki maili 60 au 70 tu, wilaya ni ile ile, na mvua ni inchi 20 hivi. Wingu limekwisha kutua mzigo wake. Kama shamba lako liko nyuma ya mlima wajua jambo hili bila kuambiwa.

Sasa tuje kwenye mawe. Yapata miaka milioni 66 iliyopita ardhi ya huko ilipasuka, ukatoka uji wa mawe ya moto, mara nyingi sana, kila tabaka likagandia juu ya jingine kama chapati zilizopangwa sahanini. Jiwe lake ni jeusi na gumu. Lilipooza polepole kwa jua na mvua likawa udongo mweusi, ule unatao miguuni wakati wa mvua na kufanya nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Wengi huulaani udongo huo. Lakini ukiwa wa kina hushika maji kama godoro lililolowa. Kwa hiyo wakulima wa huko hungoja mvua zipungue, wakapanda mtama Septemba na Oktoba, nao hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Penye udongo mfupi hupanda mawele mapema, mvua zinapoanza.

Katika mawe ya namna hiyo maji mengi hukaa juu juu, katika jiwe lililooza na nyufa zake. Chini zaidi jiwe limefunga. Wazee walichimba visima vipana vya futi 30 au 40. Baadaye zikaja pampu na mashine za kutoboa, watu wakashuka mamia ya futi. Wengine walipata maji, lakini mara nyingi yalikuwa yale yale ya kisima cha jirani. Wengine walibaki na shimo kavu na deni.

Kijiji cha Hiware Bazar, katika upande mkavu, kilishika njia nyingine tangu miaka ya 1990, chini ya mwenyekiti wake Popatrao Pawar. Walichimba mitaro ya kukinga maji milimani, wakapanda miti, wakazuia mifugo kuzurura. Walikataza visima virefu vya kumwagilia, tena wakakataza miwa na migomba. Kila mwaka mvua zikiisha hupima maji, wakatenga kwanza ya watu na mifugo, ndipo wakapatana ni mazao gani yapandwe kwa yaliyobaki.

Mawe yetu hayafanani yote. Mahali pengine katika nyanda zetu za juu maji mazuri hupatikana chini sana, kwa hiyo muulize mtaalamu wa maji kabla hujatoa pesa, tena ujue kwamba kutoboa kwataka kibali. Na kama una kisima tayari, funga jiwe kwenye kamba, upime kina cha maji kila mwezi, uandike katika daftari. Mwaka ukiisha utajua kisima chako hujaa lini na hushuka lini, na mwenye mashine akija utakuwa na la kumwuliza.