Santuri au sidii: ipi bora nyumbani?

Mwezi uliopita mama mmoja wa darasa letu hapa Makongolosi alituuliza swali. Marehemu baba yake alimwachia sanduku la santuri za miaka ya 1970. Sasa mwanawe amenunua sidii, na anasema zile santuri ni takataka, zitupwe. Je, afanye nini?

Kwanza tuelewe vyombo hivi viwili.

Santuri ni sahani ya plastiki. Juu yake umechimbwa mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kwenda katikati. Mfereji huo umepindapinda kufuata mtikisiko wa sauti ya mwimbaji. Sindano ikipita humo hutikisika vilevile, nasi tunasikia wimbo.

Sidii haina sindano. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982. Ndani yake sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo kimeandikwa kwa tarakimu, kama karani anavyoandika uzito wa tumbaku daftarini. Mwanga wa leza huzisoma tarakimu hizo bila kuigusa sidii.

Santuri ndogo huimba dakika chache tu kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi zilikatwa katikati, ukageuza upande wa pili kupata mwisho wake. Sidii moja huimba zaidi ya saa nzima.

Tena sindano huila santuri kidogo kidogo, hasa penye vumbi kama letu la karasha. Lakini santuri yenye mikwaruzo bado huimba, ingawa kwa kelele. Sidii huvumilia mikwaruzo midogo. Ikizidi, huruka au hunyamaza kabisa. Wengi wetu hulinda upande unaong'aa tu. Kumbe utando wenye sauti uko karibu zaidi na upande wa maandishi! Ukikwaruza hapo, umeua sidii.

Basi ipi bora? Kwa kusikiliza kila siku, sidii ni rahisi zaidi. Lakini santuri za mama yule si takataka. Nyimbo nyingine zilitolewa kwa santuri tu, hazikuwahi kuwekwa kwenye sidii. Wanamuziki wetu wengi walisafiri hadi Nairobi kurekodi, akiwemo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Waliokufa hawatarekodi tena. Ukitupa santuri, huenda umetupa sauti isiyopatikana pengine.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Simamisha santuri kama vitabu, mbali na jua na joto la bati. Zikilazwa au kupata joto hupinda.

2. Futa vumbi kwa kitambaa laini. Santuri futa kwa kufuata mzunguko wake. Sidii futa kutoka katikati kwenda ukingoni.

3. Usiweke santuri ya plastiki kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sindano yake nzito ya chuma huichimba.

4. Tafuta fundi anakili nyimbo kwenye sidii au memori kadi. Kisha tunza zote mbili, maana sidii ya kunakili nayo huharibiwa na jua.

Tulimwomba mama yule aandike majina ya nyimbo zake. Wiki iliyofuata alileta daftari lenye nyimbo 14, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwanawe ndiye anayetafuta fundi sasa.

Nanyi wasomaji, fungueni masanduku ya wazee wenu. Mna nyimbo gani humo?