Vareniki: Jina na Upishi Wake

Aghalabu majina ya vyakula humtega mfasiri. Katika hadithi ya Nikolai Gogol ya mkesha wa Krismasi, iliyochapishwa mwaka wa 1832, vareniki vinajichovya katika malai, kisha vinaruka hadi kinywani mwa mganga Patsyuk. Je, tuviite maandazi? La hasha! Vareniki ni chakula cha Ukraine: unga wa ngano uliokandwa, ukajazwa viazi, kabichi au cheri, ukakunjwa mithili ya nusu mwezi na kuchemshwa. Nomino hiyo imeundwa kutokana na kitenzi cha Kislavi chenye maana ya 'kuchemsha', kama 'kinywaji' kutokana na 'kunywa'. Andazi hukaangwa. Hivyo basi, mfasiri alihifadhi jina asilia na kulifafanua, asije akakaanga kilichochemshwa.