Vyeti vya Nani Vitawavusha? Hesabu ya Wapendanao Wanaoota Kanada

Dodoma ya sasa, ukikaa meza moja na vijana wenye ajira zao, stori za viwanja vya Iyumbu hazichelewi kugeuka stori za Kanada. Hawaongelei kuzamia. Wanataka kwenda kihalali, baba, mama na watoto, kwa nguvu ya vyeti. Safi! Kasheshe huanza mnapojaza fomu: mwombaji mkuu ni nani?

Nina kaka na wifi ambao swali hilo liliwanunisha wiki nzima. Kaka ana shahada moja, wifi ana shahada ya uzamili. Kaka akawaka: “Mimi ndiye kichwa cha nyumba, niende kama mtegemezi?” Wifi akaninong’oneza: “Wifi yangu, kwani nilikosea kusoma?” Nikawaambia tuweke ubishi pembeni, tushike kalamu.

Pointi hazijui kichwa cha nyumba

Tangu Januari 2015 Kanada huchagua wataalamu wengi kupitia mfumo uitwao Express Entry. Kila mtu hupewa pointi kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, kisha wenye pointi nyingi huitwa. Kwa jedwali la mwaka 2025, mwombaji anayekwenda na mwenzi wake hupata pointi 112 kwa shahada ya kwanza na 126 kwa uzamili. Elimu ya mwenzi nayo huhesabiwa, ila kidogo: 8 kwa shahada, 10 kwa uzamili.

Sasa tazama. Kaka akitangulia ni 112 na 10, jumla 122. Wifi akitangulia ni 126 na 8, jumla 134. Si hayo tu. Mwenye uzamili akifaulu Kiingereza vizuri (kwenye IELTS, 8 kusikiliza na 7 kusoma, kuandika na kuzungumza) huongezewa pointi 50. Mwenye shahada moja kwa alama hizohizo huongezewa 25. Tofauti inafika 37, na umri wao unakaribiana. Kaka alikaa kimya, akacheka, akasema: “Basi wifi yako ashike usukani.”

Je, usome kwanza?

Wengi huniuliza kama wakimbilie uzamili. Inategemea! Ukishavuka miaka 29, umri hukukata pointi 5 kila mwaka hadi kwenye 40. Ukianza masomo ukiwa na 30 na kumaliza ukiwa na 32, umepata 14 za cheti na kupoteza 10 za umri. Faida kubwa ipo kwenye zile za nyongeza, na hizo hazipatikani bila Kiingereza kizuri. Kwa hiyo fanya mtihani wa lugha kwanza, ada ya chuo baadaye.

Kabla hamjauza kiwanja

1. Vyeti vyenu, viwe vya UDOM, St. John’s au Chuo cha Mipango, lazima vipimwe na taasisi inayotambuliwa na Kanada, mfano WES. Wao ndio husema shahada yako inalingana na nini kule.

2. Anzeni na chuo mlichosoma. Mara nyingi transkripti hutakiwa kutumwa na chuo chenyewe, si kubebwa mkononi.

3. Vyeti vya mwenzi visipopimwa, pointi zake za elimu hazipo.

4. Ripoti hudumu miaka 5. Msiifanye mapema mno mkaishia kurudia gharama.

5. Daktari, nesi, mfamasia: kupimwa cheti si leseni ya kazi. Kuna bodi na mitihani inayowasubiri huko.

6. Pigeni hesabu mara mbili, kila mmoja akiwa mwombaji mkuu. Jedwali lipo bure kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, na hubadilika, hivyo liangalieni upya kabla ya kutuma.

Na wewe kaka unayeumwa na neno “mtegemezi”, tulia. Ombi likikubaliwa, mwenzi anayefuatana naye hupewa ukazi wa kudumu na haki ya kufanya kazi kama mwombaji mkuu. Kinachoweza kuwagharimu ni kumwacha mwenye pointi nyingi nyuma kwa sababu tu ni mwanamke.