Cheo na Ufunguo: Funzo kutoka Mirihi

Kila askari aijua desturi hii: mdogo humpisha mkubwa. Lakini itakuwaje mdogo akishika ufunguo wa ghala la silaha, na mkubwa yuko mlangoni akiungoja?

Jambo hilo lilitokea mbali sana. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikawa yaanza upya yenyewe, na kazi zilizosalia za siku hiyo zikangoja kesho yake.

Wahandisi hawakubahatisha. Walikitumia chombo pacha kilichokuwa maabarani California, wakarudia kazi zilezile hata kosa likajitokeza. Kazi ya hali ya hewa, yenye cheo cha chini, ilishika ufunguo. Kazi za cheo cha kati zikaipokonya zamu. Kazi kuu ikabaki ikingoja. Mlinzi wa mfumo, kwa kuona kazi kuu imechelewa, akaamuru yote yaanze upya.

Dawa ilikuwa fupi: mwenye ufunguo aazimwe cheo cha anayemngoja, mpaka aurudishe. Amri ikapelekwa kwa redio, na maradhi yakakoma.

Kumbe kosa hilo liliwahi kuonekana kabla ya kutua. Lilipotafutwa halikurudi, likaachwa. Maofisa na askari, dosari ya siku ya mazoezi isipuuzwe kwa kuwa imetokea mara moja tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.