Programu za kusafisha ordinatere: wapi zinasaidia, wapi zinaharibu

Mashini inachukua dakika kumi mbele ya kufunguka. Unakliki ku Word, unangoja. Unafungua fishie moja, ventilatere inapiga makelele kama kinu cha mihogo. Kwa mwenye byurotiki pembeni ya chuo, hao ni wateja wanaohamia kwa jirani. Kwa mwanafunzi anayemalizia TFC yake, ni siku inayopotea, na hakuna anayejua kama kesho kura itakuwako. Njo wakati huo mutu anasikia maneno haya: « Papa, mashini yako inajaa buchafu. Tuiwekee programu ya kusafisha, itakimbia kama mupya. »

Programu hizo ziko nyingi: CCleaner, Glary Utilities, Advanced SystemCare, AVG TuneUp na zingine. Zinatembea toka flashi moja kwenda ingine, toka Bunia hadi Uvira, toka Kindu hadi Goma. Zingine ni za bure, zingine zinalombwa feza kila mwaka. Ahadi ni ile ile: kukliki mara moja, na ordinatere inapata nguvu tena. Ndani ya ahadi hiyo kuna sehemu ya kweli na sehemu ya biashara. Inafaa kuzitenganisha mbele ya kutoa dola, na zaidi mbele ya kuhatarisha kazi ya miezi.

Zinafanya nini kweli?

Ordinatere iko kama depo ya duka. Kila siku, programu zinazofanya kazi ndani yake zinaacha vikartoni: fishie za muda, mabaki ya mizajuri, picha na kurasa ambazo navigatere ilichukua ku intaneti na kuziweka pembeni. Programu ya kusafisha inapita, inahesabu hivyo vikartoni na kuvitupa. Zingine zinaongeza kazi: kuzuia programu zinazojifungua zenyewe wakati mashini inawaka, kuondoa programu isiyotumiwa tena, kupanga upya diski, kusafisha kile kinachoitwa rejista ya Windows, kutafuta « draiveri » mupya.

Faida ya kwanza iko wazi. Kama diski inajaa paka juu, Windows inakosa nafasi ya kufanyia kazi, mizajuri inakataa kuingia, na hata kubakisha fishie moja kunakuwa shida. Pale, kutupa giga kadhaa za mabaki kunasaidia kweli. Faida ya pili ni ya programu zinazojifungua zenyewe. Mashini inayowaka na programu kumi na tano kwa wakati mumoja ni kama motari inayobeba watu watano: itafika, lakini polepole. Ukizipunguza, kuwaka kunakuwa kwepesi. Faida ya tatu ni kwa mutu asiyejua menyu za Windows: anapata kila kitu mahali pamoja.

Lakini kutupa vikartoni hakuongezi ukubwa wa depo, wala hakubadilishi mulango wake. Ordinatere yenye rami ya giga mbili itabaki na giga mbili.

Mahali ambapo hatari inaanzia

Hatari ya kwanza ni rejista. Rejista ni kama daftari kubwa ambamo Windows na programu zote zinaandika mipango yao. Programu ya kusafisha inakuja na kusema: « Makosa 800 yamepatikana. » Mutu anaogopa, anakliki. Lakini mistari hiyo mingi haisumbui mutu, na kuifuta hakuongezi mwendo unaoonekana. Kumbe kama mustari mumoja wa lazima unafutwa, programu fulani inaweza kukataa kufunguka, ao Windows yenyewe ikashindwa kuwaka. Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, imesema waziwazi kwamba haiungi mukono matumizi ya programu za kusafisha rejista, na kwamba uharibifu wake unaweza kufikia kulazimisha kuweka Windows upya. Na huku kwetu, kila mutu anajua « formata » inamaanisha nini kwa mutu ambaye hakuweka kopi.

Hatari ya pili inagusa mufuko. Zile picha na kurasa ambazo navigatere inaweka pembeni zinasaidia kufungua saiti bila kuzichukua upya. Ukizifuta kila siku, kila siku navigatere itazivuta tena ku intaneti. Kwa mutu anayenunua forfe ya mega, huko ni kulipa mara mbili kitu kile kile.

Hatari ya tatu: sanduku ambalo mutu hakusoma. Ku orodha ya vitu vya kufuta, mara nyingine kuna neno « Téléchargements ». Njo folda ambamo watu wengi wanaacha barua za kazi, fakitire na kazi walizotumiwa kwa imeili. Kuna pia nywila ambazo navigatere ilikuwa inakumbuka. Zikifutwa, na mwenye imeili aliisha kusahau yake, anabaki inje ya mulango wake mwenyewe.

Hatari ya ine ni kazi zisizo na maana. Programu zinazodai « kuachilia rami » zinasukuma vitu toka rami kwenda ku diski. Dakika moja nyuma, mashini inavirudisha, na mwendo unapungua badala ya kuongezeka. Kupanga upya diski kulisaidia kweli ku diski za zamani zinazozunguka. Ku diski za aina ya SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, kazi hiyo haina faida, tena inakula maisha ya diski bure. Na draiveri isiyolingana na mashini inaweza kuzimisha sauti, Wi-Fi ao ekra.

Kuogopesha ili kuuza

Kwa nini programu nyingi zinaonyesha rangi nyekundu na hesabu kubwa? Sababu hofu inauzisha. Jambo hili liliisha kufika mbele ya sheria inchi Marekani. Mwezi wa tatu 2019, FTC, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, ilitangaza kwamba duka kubwa la Office Depot litalipa dola milioni 25, na kampuni Support.com dola milioni 10. Mteja alikuwa anaulizwa kama mashini yake inakwenda polepole ao inaonyesha matangazo ya ajabu. Kama alijibu « ndiyo » hata mara moja tu, programu ya uchunguzi ilionyesha alama za virusi, hata kama haikuona kitu. Kisha anauziwa matengenezo.

Mwezi wa tatu 2024, FTC ilitangaza tena kwamba kampuni mbili zenye makao Cyprus, Restoro na Reimage, zitalipa dola milioni 26. Zilishitakiwa kuonyesha matangazo yaliyofanana na ujumbe wa Windows, yakisema ordinatere ina virusi, ili watu wanunue programu yao.

Microsoft nayo ilichukua hatua: tangu 2018, antivirusi yake inahesabu kama programu zisizotakiwa zile zinazoogopesha mutu kwa ujumbe wa kutia chumvi ili anunue. Kwa hiyo, ujumbe mwekundu unaotokea wakati unasoma habari ku intaneti, ukisema « ordinatere yako iko katika hatari, kliki hapa », ni tangazo. Ukurasa wa intaneti hauwezi kupima diski yako. Unafunga dirisha, unaendelea.

Hata yenye jina kubwa inaweza kuingiliwa

Wengi wanasema: « Nitachukua ile inayojulikana, sitapata shida. » Historia ya CCleaner inaonyesha kwamba jina peke yake halitoshi. Programu hiyo ilitolewa na kampuni Piriform ya London, na mwaka 2017 kampuni hiyo ilinunuliwa na Avast, inayotengeneza antivirusi. Mwaka ule ule, wezi wa mutandao walifika kuingia ndani ya kazi ya watengenezaji na kuficha programu mbaya katika toleo 5.33. Toleo hilo lilitoka mwezi wa munane, likiwa na sahihi halisi ya kampuni. Mwezi wa kenda, wachunguzi wa Cisco Talos walitangaza jambo hilo. Ordinatere zaidi ya milioni 2.2 zilikuwa zimelipokea. Wezi walikuwa wanalenga makampuni makubwa ya teknolojia, na waliendelea kuingia ndani zaidi ya ordinatere yapata 40. Kosa lilirekebishwa kwa toleo lililofuata.

Kama hiyo ilifika ku saiti ya kweli, inakuwa namna gani kwa programu inayotoka ku flashi isiyojulikana? Programu « iliyokrakiwa » mara nyingi inalomba kwanza uzime antivirusi. Hapo mutu anafukuza mulinzi kisha anafungua mulango usiku. Ndani munaweza kuwa kitu kinachoiba nywila ao kinachofunga fishie zote na kulomba feza ili kuzifungua.

Vyombo viko tayari ndani ya Windows

Watu wengi wanatafuta mbali kitu ambacho kiko mu mashini yao, bure, bila kutumia hata mega moja. Katika Windows 10 na 11 ya Kifaransa, unafungua « Paramètres », kisha « Système », kisha « Stockage ». Hapo unaona ni nini inajaza diski, na unaweza kufuta fishie za muda. Soma kila sanduku mbele ya kulitia alama. Ondoa alama ku « Téléchargements » kama unaweka kazi humo.

Juu ya programu zinazojifungua zenyewe, unafinya Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mumoja. « Gestionnaire des tâches » inafunguka. Ndani yake kuna « Démarrage ». Programu usiyohitaji asubuhi, unaizima pale. Haifutwi, inangoja paka uiite. Antivirusi, unaiacha. Kupanga diski, Windows inafanya yenyewe, na inajua kutofautisha SSD na diski inayozunguka.

Ugonjwa wenyewe uko wapi?

Ordinatere nyingi zinazofika huku ni okazio, zilizotumiwa miaka mingi kwingine. Ndani yake, polepole mara nyingi inatoka kwa mambo ambayo hakuna programu inaweza kuyasafisha.

Diski ya zamani inayozunguka ndiyo ya kwanza. Kuibadilisha kwa SSD kunageuza mashini kuliko programu yoyote. Kama diski inapiga « kle, kle », ao fishie zinapotea, usisafishe kitu: chukua kopi kwanza, siku ile ile.

Ya pili ni rami ndogo. Windows 11 inalomba giga ine kwa uchache, na hiyo ni ya kuanzia tu.

Ya tatu ni joto. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaingia, linafunga njia ya hewa. Mashini ikipata moto sana, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Pale, brashi laini na mukono wa fundi anayejua kuifungua vinafanya kazi kuliko dola za programu.

Ya ine ni virusi, na dawa yake ni antivirusi yenye mizajuri. Programu ya kusafisha si antivirusi. Tena haizibi matundu ya Windows iliyoisha kuachwa: mizajuri ya bure ya kawaida ya Windows 7 ilikwisha tarehe 14 Januari 2020, ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Ya tano ni kura. Ikizimika gafula wakati mashini inaandika, fishie zinaweza kuharibika. Batri nzuri ao ondilere inalinda kazi kuliko kusafisha kila juma.

Mbele ya kulipa

Mafundi wengi wanafanya kazi yao vizuri, na fundi mwema hachukii kuulizwa. Muulize: « Fundi, diski iko na afya gani? Inabaki na nafasi ngapi? Unaenda kufuta nini? » Akijibu kwa kuonyesha, muko pamoja. Akionyesha tu hesabu nyekundu, ngoja kwanza.

Na mbele ya mutu yeyote kugusa mashini, kazi yako iwe mahali pawili: ku flashi ao diski ya inje inayobaki mbali na ordinatere, na kama mega zinaruhusu, jitumie pia ku imeili. Kama unatumia programu ya kusafisha, ichukue ku saiti ya watengenezaji wake, itumie mara chache, na usiguse rejista. Kama feza ni za kitu kimoja tu, anza na diski ya kuwekea kopi, kisha SSD, kisha rami. Programu ya kulipia inaweza kuja nyuma ya hivyo vyote, na mara nyingi, ikifika zamu yake, utakuta huihitaji tena.