Fahamu: Wageni wa usiku kwenye maua ya mbuyu

Kwala, wilayani Kibaha, husikika siku hizi kwa bandari kavu na viwanda. Lakini ardhi inaposafishwa, mbuyu hupigwa shoka mara ngapi kabla ya mtu kuuliza nani anautegemea?

Ua la mbuyu ni jeupe, huning'inia, hufunguka wakati wa magharibi na mara nyingi hudondoka kesho yake. Harufu yake nzito si ya kumvutia nyuki wala chozi, ndege wa mchana anayefuata maua mekundu na ya njano. Humwita popo anayekula matunda. Anapoingiza uso kulamba nekta, chavua humganda manyoya, naye huipeleka mti mwingine. Komba pia hupanda kulamba. Nondo wakubwa nao huja. Mti wa mwegea, wenye maua ya rangi ya damu ya mzee, hutegemea popo hao hao.

Popo hulaumiwa kwa maembe (na kweli huyala). Ila bila wachavushaji hao, ubuyu unaotiwa rangi na sukari mitaani ungepungua. Mkorosho ni habari nyingine: vimaua vyake vidogo huhudumiwa na nyuki na nzi, mchana kweupe.